Salamu Iliyoizima Stesheni Yetu

Namhimidi Mola aliyeniweka hai hadi nikaona mambo ambayo wazee wangu hawakuyaota, akaniachia sauti ambayo uzee haujaikwaruza sana, na akanizungushia watu wanaonivumilia. Rehema na amani zimshukie Mtume wake, na jamaa zake, na kila aliyeifuata njia yake kwa wema. Baada ya hayo, nataka kusimulia jinsi stesheni ya televisheni ilivyozaliwa huku kwetu Likoni, na jinsi mimi, mwalimu wa madrasa niliyekwisha kustaafu, nilivyokaribia kuiua siku yake ya kwanza kwa kutoa salamu.

Aliyekuja kunitaka alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani. Nilimsomesha alifu na bee akiwa mdogo wa kusinzia mkekani. Sasa ni mama mtu mzima, na alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika stesheni kubwa za Nairobi, nyuma ya kamera, akipanga vipindi na kuwaongoza watangazaji. Alikuja baada ya sala ya alasiri, akavua viatu, akanipa shikamoo yake, kisha akakataa kahawa mpaka aseme lililomleta. Nikajua jambo ni zito.

"Maalim, nimeacha kazi," alisema. "Nafungua stesheni hapa hapa Likoni."

"Ya redio?"

"Ya televisheni."

Nilitaka kucheka, lakini uso wake haukuwa wa mzaha. "Sisi watu wa ng'ambo ya kisiwa," akaendelea, "hatuonekani ila siku ya foleni ya feri au siku ya fujo. Mtu wa Kisauni akiwasha televisheni, hujiona amekamatwa. Mimi nataka ajione ameketi."

Alitaka mambo mawili kwangu. La kwanza, niwanyooshe watangazaji wake Kiswahili. La pili, niendeshe kipindi cha jioni cha mazungumzo, kabla ya magharibi, nikiwakaribisha watu wa kawaida: mkunga, fundi wa boti, dereva wa lori la bandarini, mkulima wa mihogo. Kabla sijajibu, mke wangu alisema kutoka nyuma ya pazia, "Miaka yote hii twaambiwa tupunguze sauti ya televisheni, leo mwenyewe waingia ndani yake! Haya nenda. Nikikuchoka nitakuzima." Mwanafunzi wangu alicheka hadi akainywa ile kahawa. Nikakubali.

Studio ilikuwa ghorofani, juu ya duka la magodoro. Mwenye duka alitupa vipande vya sponji vilivyobaki, tukavigandisha ukutani kote. Ukisema mle, sauti hukufia mdomoni. Sponji iliondoa mwangwi lakini haikuondoa kunguru. Paa lilikuwa la mabati, na kunguru wa Mombasa hawatembei kwa adabu. Maikrofoni ilizisikia kucha zao kama mvua ya mawe. Mhandisi wetu alijaribu kila alichofundishwa, mwisho tukaezeka makuti juu ya mabati, kunguru wakaanza kutembea kimya kama watu wazima. Pangaboi nalo lilikuwa na mlio, kwa hiyo lilizimwa kila tulipoanza kurekodi, na kila mtu akaloa jasho. Hewa ya chumvi ililiwa na vyuma, au niseme vyuma vililiwa nayo. Kila baada ya muda mhandisi alifungua viungo vya nyaya akakuta kutu ya kijani, akaisugua na kuvifunga kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Tena antena iliyokuwa juu ya paa ilibidi iuone mnara wa upande wa pili bila kizuizi. Jirani alipopandisha tangi jipya la maji, picha ilikatikakatika kama kigae kilichoanguka. Nilikwenda mimi kuzungumza naye. Tulikunywa chai, tukaulizana hali za watoto na wakwe, na tangi likasogezwa.

Huyo mhandisi ni mtu wa makamo aliyetoka bara, anakaa Mikindani na familia yake, Mkristo asiyekosa ibada. Nilizoea kumtania kwamba Kiswahili chake kimepigwa pasi upande mmoja tu. Naye hunijibu, "Na chako, Mzee, ni kizuri, lakini kinachelewa kufika." Tulipotaka kujua picha yetu inafika wapi, tulizunguka naye tukiwa na televisheni ndogo kwenye gari. Shanzu ilifika safi. Mwakirunge, karibu na machimbo ya mawe, ilifika upande mmoja wa kilima na upande wa pili ikakataa, na watu wa upande ule walitulaumu kana kwamba kilima tumekileta sisi. Mikindani tuliijaribu nyumbani kwake, mkewe akatukaangia muhogo, na alipoiona bandari yetu kwenye kioo aliita majirani waje.

Kisha ikaja zamu yangu ya kuwekwa mbele ya kamera. Nilivaa kanzu yangu nyeupe ya Ijumaa. Kamera ikaingiwa na mwanga wa ile kanzu, ikapunguza kila kitu kingine, uso wangu ukawa mweusi kama chungu kilichozeeka jikoni. Mkuu wetu, yaani yule mwanafunzi wangu, alitazama kioo chake akasema, "Maalim, kanzu yako yang'aa kukushinda." Nikabadilisha, nikavaa ya hudhurungi. Akaja dada wa poda. Alipofika kwenye paji la uso akasita, akauliza kwa hofu kama aiache ile alama ya sijda. Nilimwambia apake tu. Alama ile haikuwekwa kwa ajili ya watazamaji.

Lililonishinda ni kulitazama lile jicho la kioo. Nimelelewa kutomkodolea mtu macho. Kwa hiyo nilimwangalia mwanamke anayeishika kamera, naye kwa heshima akaangalia pembeni, na kwenye picha nikaonekana kama ninayezungumza na mtu aliyesimama nyuma ya bega la mtazamaji. Tulirudia na kurudia. Mwisho mkuu akaniambia, "Maalim, sahau kamera. Nyuma ya kile kioo mna darasa lako. Ingia darasani."

Maneno hayo yalinifungua. Siku ile nilizungumza vizuri hadi mhandisi akapiga makofi. Wala hakuna aliyefikiria ni nini mwalimu hufanya kwanza akiingia darasani.

Sasa nieleze jambo moja la kiufundi, maana bila hilo kisa hakieleweki. Stesheni ndogo haina mnara wake. Picha zetu huchukuliwa na kampuni inayobeba matangazo ya stesheni nyingi, nayo ndiyo inayoyafikisha majumbani. Kampuni hiyo ilitupa muda wa majaribio. Kule kwao kuna mtambo unaozisikiliza stesheni zote mchana na usiku. Ukisikia stesheni imenyamaza kwa kitambo, hudhani imekufa, huiondoa na kuweka kioo cha buluu mahali pake. Stesheni inayokufakufa hainyimwi tu sifa; nafasi yake hupewa mwingine aliye nyuma kwenye foleni. Mkuu wetu alilijua hilo vizuri. Alikuwa ameacha kazi, amewahamisha wanawe shule, na watu kadhaa walikuwa wameacha kazi zao kumfuata. Yote hayo yalikuwa yakining'inia kwenye majaribio yale.

Ikafika siku ya kwanza ya kwenda hewani moja kwa moja. Mgeni wangu alikuwa mkunga mstaafu wa Mtongwe. Taa zikawaka, pangaboi likazimwa, chumba kizima kikaacha kupumua. Mkuu akainua kidole, akakishusha. Nikalitazama jicho la kioo kama ninavyolitazama darasa, nikasema, "Asalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh."

Nikanyamaza.

Nilinyamaza kwa kuwa nimesalimu. Darasani salamu hujibiwa na safu ya mbele, kisha ya katikati, kisha na wale watundu wa nyuma wanaovuta maneno, na mwalimu mwenye adabu hungoja mpaka yule wa mwisho amalize. Nikangoja. Nilipoona zimetosha, nikawageukia ndugu zangu Wakristo, nikasema, "Na wenzetu nyote, hamjambo?" Nikangoja tena. Kisha nikaanza mazungumzo kwa raha kabisa. Nilishangaa tu kumwona mkuu ameshika kichwa.

Mhandisi alitoka mbio chumba cha mitambo, jasho likimtiririka: mtambo wa kampuni ulikuwa umetuondoa hewani.

"Mzee, maneno yalipotea?"

"Hayakupotea."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"Nilikuwa nangoja nijibiwe."

"Na nani?"

"Na niliowasalimu."

Akamtazama mwanamke wa kamera kama anayeomba mkalimani. "Mzee, hao wako Kisauni! Wako Changamwe! Hata wakijibu kwa spika ya msikiti, wewe huwasikii."

"Si lazima niwasikie. Ni lazima niwape nafasi."

"Mashine haina dini, Mzee. Ikisikia kimya, inajua umekufa."

Mkunga wetu, aliyekuwa bado ameketi kitini na maikrofoni kifuani, akauliza, "Kwani nimeonekana au sikuonekana? Maana nimewaambia wajukuu zangu wote." Simu ya mkuu ililia, akaenda kuipokelea dirishani. Aliporudi alisema kwa sauti ndogo, "Wamesema ikitokea tena katika majaribio haya, wanampa nafasi aliye nyuma yetu." Hakunilaumu hata kwa jicho. Ingekuwa nafuu angenilaumu.

Siku iliyofuata nilifanya nilivyoambiwa. Nilitoa salamu na papo hapo nikaunganisha na jina la kipindi, nikampokea mgeni, hakuna hata pumzi iliyopita katikati. Mtambo wa kampuni ukaridhika. Mhandisi akaniinulia dole gumba. Nikarudi nyumbani nikijiona nimefaulu.

Asubuhi nilipokwenda kununua mahamri, nilimkuta bibi mmoja wa mtaani, rika langu, ambaye tumetaniana tangu ujana. Akanishikia njia. "Hebu simama, Maalim. Jana ulikuwa wakimbizwa na nani?"

"Kwani vipi?"

"Juzi ulitusalimu, tukakuitikia nyumba nzima. Hata mamangu mgonjwa, aliyelala chumbani siku nyingi hataki kusema na mtu, nilimsikia akiitika. Mara picha ikawa buluu, nikaipiga ile televisheni mgongoni mpaka mkono ukaniuma. Sawa, mitambo ni mitambo. Lakini jana! Jana nikifungua mdomo nikuitike, wewe ushafika kwa mgeni wako. Salamu gani ya kutupiwa mtu kama mfupa? Ama ushaanza kuringa kwa kuwa uko kwenye televisheni?"

Waliokuwa wakingoja mahamri walicheka, na mmoja akasema nyumbani kwao mambo yalikuwa hayo hayo. Nami nilicheka nao, lakini nilipanda ngazi za studio nikiwa na habari kubwa: watu walikuwa wamejibu. Katika nyumba nisizozijua, mbele ya kioo kisichosikia, watu walikuwa wameitika salamu yangu.

Nilimsimulia mkuu. Akasema, "Nami niliona, Maalim. Jana ulisema kila kitu sawasawa na hukuwa wewe. Sikurudi kwetu kufungua stesheni inayosalimu watu huku imeshawapa mgongo." Lakini hapo hapo akashusha pumzi. "Na nikipoteza nafasi, hakuna atakayesalimiwa."

Tukaketi sote. Mhandisi alisema atie muziki mdogo chini ya salamu. Nikamwomba salamu yenye jina la Mungu tusiifunike kwa ngoma. Akasema basi atie sauti ya mawimbi. Mkuu akakataa: "Watu wa Likoni waijua bahari. Watadhani studio imefurika." Mhandisi akasema basi nizungumze polepole tu, nisinyamaze. Nikamwuliza kama yeye humjibu mtu anayeendelea kusema. Akakiri kwamba hapana.

Ndipo nikakumbuka somo ambalo nimewafundisha watoto maisha yangu yote: kundi likisalimiwa, akiitika mmoja wao amewatosheleza wote. Nikauliza, "Ninapotoa salamu, mle chumbani huwa kuna watu?"

"Tumo karibu sote," mkuu alisema.

"Na nani huitika?"

Walitazamana. Mwanamke wa kamera, binti wa Kiislamu aliyesoma madrasa kama yangu, aliinamisha kichwa. "Maalim, huwa naitika moyoni. Tumeambiwa tusitoe sauti."

"Ndiyo sheria ya studio," mkuu alisema. "Popote duniani."

"Basi mumejenga nyumba ambayo mtu huingia, akasalimu, na wenyewe wakamkodolea macho."

Mhandisi aliangua kicheko. "Kwetu hata mbwa angebweka, Mzee." Kisha akaacha kucheka, akatazama dari, nikamwona anapima kwa macho. Maikrofoni ya kifuani mwangu, alieleza, ingezichukua sauti zao kama za watu walio kisimani. Atatundika nyingine juu, katikati ya taa, aifungue wakati wa salamu tu na kuifunga mara moja, isije ikatuletea vikohozi. Watu wataitika, mtambo utasikia sauti, nami nitapata nafasi yangu ya kungoja. Mkuu alifikiri, akasema, "Tujaribu. Lakini kwa sauti. Atakayeitika moyoni ataniona."

Tulifanya mazoezi hadi wakawa kama darasa lililokaguliwa. Siku ya kipindi kila mtu alikuwa tayari. Dakika za mwisho, nikiwa nimeshakaa kitini, umeme ukakatika. Jenereta likashika na kamera zikarudi. Mhandisi akatoa kichwa mlangoni, uso umembadilika: jenereta lilikuwa likilisha nyaya chache tu, na ile maikrofoni ya darini haikuwa mojawapo. Ilikuwa imekufa.

Mkuu alinitazama. Nilimwambia, "Mwanangu, sema neno. Ukitaka nipite mbio, nitapita mbio." Nilikuwa nimekusudia hivyo kwa moyo mweupe, kwani kilichokuwa hatarini kilikuwa chake.

Hakusema nipite mbio. Alimtazama mhandisi, na mhandisi, mtu mzima mwenye kitambi chake, akapiga magoti, akatambaa na kuingia chini ya meza yangu. Akajikunja karibu na magoti yangu, kichwa karibu na kifua changu, chini kidogo ya pale kamera inapofika. "Endelea, Mzee," akanong'ona. "Lakini usinipige teke."

Kidole cha mkuu kikashuka. Nikatoa salamu yangu yote, polepole, mpaka mwisho wake. Nikangoja. Na kutoka chini ya meza ikapanda sauti nzito ya bara, kubwa mno, kana kwamba anamwita mtu ng'ambo ya mto: "Waalaykumu salaam, Mzee!" Nyuma yake, kwa mbali, kama kisimani kweli, wakafuatia mwanamke wa kamera, na dada wa poda, na mkuu mwenyewe, na mgeni wangu dereva wa lori ambaye hakuwa ameambiwa kitu. Niliwasikia wote. Nikasubiri kidogo zaidi, kwa ajili ya wale wa majumbani. Kisha nikasema hamjambo, na sauti ile ya chini ikasema, "Hatujambo sana!" Sikuangalia chini, kwani ningecheka.

Picha haikuzimika. Mhandisi aliishi chini ya meza hadi kipindi kikaisha, kwa kuwa hakukuwa na njia ya kutoka bila kuonekana.

Asubuhi yake mtaa mzima uliniuliza ni nani yule. Bibi wangu wa mahamri alisema, "Huyo mtu wenu wa bara aitika vizuri, mwambieni siku nyingine aongeze na rehema na baraka." Nilimpelekea ujumbe. Aliyaandika maneno yote kwenye kiganja kwa kalamu na kuyakariri siku nzima akiwa juu ya paa na nyaya zake. Maikrofoni ya darini ilipata umeme wake, majaribio yakaendelea, na kila jioni tulisalimu tukaitikiana kabla ya kuanza kazi. Hata watangazaji wengine wakaiga. Yule wa kipindi cha wafanyakazi wa bandari, binti wa Changamwe ambaye zamani alisema habari kama mtu anayetupa mawe, alijifunza kuuliza hamjambo na kungoja kweli, macho yamemtulia.

Siku majaribio yalipokwisha, simu ya kampuni iliita sote tukiwemo. Mkuu aliisikiliza, akashukuru, akaiweka mezani. "Nafasi ni yetu," alisema. Kisha akaenda kuketi kwenye ngazi, akajifunika uso kwa mtandio, akalia. Mwanamke wa kamera akaenda kuketi naye. Mimi nilitafuta pahali pasipo na nyaya nikasujudu sijda ya shukrani, na nilipoinuka nilimkuta mhandisi amesimama karibu yangu, kofia yake mkononi, ameinamisha kichwa, naye akimshukuru Mola kwa njia yake.

Nimewasomesha watoto wengi, na wengi Mungu amewainua. Lakini sijui kama niliwahi kuona fahari kuliko siku ile, kumwona mtoto wa mkeka wangu akiwapa watu wake kioo cha kujionea wakiwa wameketi. Sisi si wakubwa. Picha bado hukwaruzika upande wa pili wa kilima cha Mwakirunge, na mhandisi bado hupanda na mpira wake wa baiskeli. Lakini jioni inapofika, tunawasalimu watu wetu, na tunawangoja.

Nawe uliyenisoma hadi hapa, Mola akufungulie milango ya kheri mbele yako, akulinde wewe na walio nyumbani kwako, akuwekee watu wa kukuitika kila unapoita, na asikufanye mpweke duniani wala akhera. Amina.